Breki za Fundi Kimya

Mtaani walimwita Fundi Kimya, na wageni walishangaa, maana mdomo wake haukuwa na breki. Angeanza na habari za mvua, akamalizia na maumivu ya goti lake, na baiskeli yako bado iko magurudumu juu. Jina alilipata kwa kazi: breki zikishapita mikononi mwake hazilii tena. Anapangusa ringi, anapiga msasa mipira ya breki, anaiinamisha kidogo sana ili ncha ya mbele itangulie kugusa, na kelele kwisha. Alifanya hivyo miaka thelathini na saba, kwenye kibanda kile kile ubavuni mwa nyumba yake.

Lakini kinyozi hajinyoi. Baiskeli moja tu mtaa mzima ndiyo ilikuwa inalia, nayo ilikuwa ya nyumbani kwake.

Ilikuwa ya marehemu mkewe, muuguzi: baiskeli nyembamba ya mashindano, ya kijani, ambayo Fundi aliiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli tatu. Kila siku saa kumi na moja jioni mama yule alishuka nayo mteremko wa zahanati, na akifika kona yenye kibanda cha kinyozi akabana breki: kwiii! Fundi akisikia hivyo anatupa spana, anaingia ndani kuinjika birika. Mke anapofika mlangoni, maji yanachemka.

"Nikuondolee hiyo kelele?" alimuuliza siku za mwanzo.

"Iache, mume wangu. Ndiyo hodi yangu."

Alipofariki, kona ilinyamaza. Kisha binti yao wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, akaichukua ile baiskeli ya kuendea kazini, na siku ya kwanza tu, saa kumi na moja, kwiii! Jamani, asikwambie mtu. Fundi alikuwa ameshashika birika kabla hajakumbuka kwamba mkewe hayupo. Ikawa hivyo kila jioni. Kwa muda wa kufumba na kufumbua mkewe alikuwa njiani anarudi, na kwa ajili ya huko kufumba na kufumbua mzee wa watu aliishi miaka mitatu.

Binti yeye hakusikia hodi, alisikia hatari.

"Baba, hizi breki zimechoka. Nabana, inaenda tu kama haijanisikia."

Akanunua seti mpya kabisa, zenye mikono imara inayobana ringi sawasawa pande zote mbili, mipira laini, na waya zake. Akamkabidhi baba yake boksi. Fundi akalisifia, akaligeuza-geuza, kisha akalifukia chini ya matambara. Leo kuna boli haijaja, kesho mgongo unamsumbua, keshokutwa ana kazi za watu. Miezi minne ikakatika.

Kisha siku moja mvua ikanyesha, na saa kumi na moja kona haikulia. Fundi alisimama mlangoni mwa kibanda na spana mkononi. Binti alitokea akikokota baiskeli, sketi imechanika, kiwiko kimechubuka chote.

"Nimebana mpaka vidole vimeuma, baba. Kuna mtoto alikuwa anavuka. Nikaigeuzia kwenye uzio wa kinyozi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alikitazama kile kiwiko, aibu ikamshika mwili mzima. Akainama, akafukua matambara, akatoa boksi.

"Kumbe boli imekuja?"

"Hakuna boli, mwanangu. Nilikuwa nataka kumsikia mama yako akirudi."

Binti alikaa juu ya kreti. "Si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuweka rehani kwa sababu ya mlio?"

Asubuhi yake, Jumamosi, Fundi alifanya kazi ambayo angeifanya akiwa amefumba macho. Akafungua breki kuukuu, akazifunga kwenye kitambaa safi. Akafunga mpya, akapitisha waya, akakaza. Hakusema neno, na kwake yeye huo ulikuwa ugonjwa. Alipomaliza, binti akashika usukani, akabana.

"Zinashika kweli! Lakini baba, breki ya mbele umeiweka mkono wa kushoto tena."

"Ndiyo. Mama yako si alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Mimi ni wa kulia." Binti akaanza kucheka. "Na mama mwenyewe hakuipenda, ujue."

"Unasema?"

"Aliandika kwa kushoto, lakini breki alizoea kama watu wote, tangu usichana wake. Alinisimulia. Eti ulimgeuzia kwa siri, ukamwonyesha huku umejaa furaha kama mtoto, akaona haya kukukatalia. Mwaka mzima akawa anabana ya nyuma akidhani ni ya mbele. Ndiyo maana kwenye ile kona alikuwa anazibana zote mbili kwa nguvu."

Fundi alikaa chini. Miaka ishirini na tatu alijivunia ile kazi kuliko zote. Kila mteja alimwuliza anataka nini, hata watoto wenye vibaiskeli vya magurudumu matatu. Mkewe hakumwuliza.

"Mbona hakusema?"

"Alikuwa anakupenda, baba."

Fundi alicheka, halafu alilia, na hakujificha. Kisha akaokota spana, akalegeza waya zote mbili, akasubiri.

"Wewe mwanangu, ya mbele unaitaka mkono gani?"

"Kulia, baba."

"Haya."

Jumatatu saa kumi na moja kona ilikuwa kimya. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu la mtu wakati kivuli kilipotua mlangoni.

"Hodi, baba."

Akainua kichwa. Birika lilikuwa halijainjikwa.

"Karibu, mwanangu," akasema, na akamtazama vizuri, kiwiko kimeanza kupona.