Mhakiki Alishiba, Mkopo Ukabaki

Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Makambako unagonga mabati ya kibanda jirani na maegesho ya malori. Ndani, Telesia Mligo amechutama anapuliza mkaa. Maharage yameanza kuchemka.

"Ningesikia ushauri wa watu, leo jiko hili lingekuwa la baridi," anasema, akijicheka.

Leo anakuja mhakiki, kwa mara ya pili.

Telesia, mama lishe wa miaka 46, anaomba asamehewe mkopo wa nafuu waliopewa wafanyabiashara wadogo wakati wa korona. Alichukua laki nane. Mara malori yakakwama mpakani, na madereva waliokuwa wakila kwake wakapotea.

"Napika sufuria nzima, tunakula mimi na mwanangu," anakumbuka. "Pesa ya serikali tuliimeza wenyewe."

Dhamana ni miti ya paini iliyoko kijijini kwao Kifanya, aliyoipanda na marehemu mumewe iwe ada ya binti yao, Judith. Bado michanga. Ikikatwa sasa ni kuni tu.

Sharti la msamaha ni moja: biashara iwe imekufa, na mhakiki aione kwa macho yake. Nani alilibuni? Tumeuliza, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Tunachokumbuka ni kwamba wakubwa nao waliwahi kukopa wakashindwa, wakasamehewa wakiwa vitini. Hatukusikia aliyetumwa kuchungulia majiko yao.

Mara ya kwanza mhakiki huyo, Lameki, alifika amelowa mvua, anatetemeka. Kibanda kilikuwa kimefungwa miezi kadhaa. Telesia siku hizo aliishi kwa kibarua cha kuvuna viazi. Lakini kwao Kifanya mgeni haondoki na njaa.

"Nikamsalimu kwa lugha yetu, kamwene, baba, kaa kwanza upate joto. Nikawasha moto. Nikaazima mchele kwa Fidelia."

Lameki akala. Akaomba aongezewe. Kisha akaandika kuwa biashara inaendelea vizuri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Fidelia, anayeuza mitumba kibanda cha pili, hajasahau. "Mchele wangu ndio uliofufua biashara yake," anasema akikung'uta sweta. "Na mpaka leo hajanirudishia."

"Nitakurudishia, dada. Usiniseme gazetini."

"Nakusema. Na leo umewasha tena. Huyo akinusa tu, miti imekwenda."

Telesia anafunua sufuria. Anaongeza chumvi, anaonja. Leo hauzi chochote. Hata sahani zimebaki mbili tu, nyingine aliziuza. Sufuria hiyo ni ya mgeni.

Kwa nini, basi, asimwache Lameki na njaa yake siku moja tu?

"Anatoka Njombe na pikipiki, na baridi hili," anasema. "Kosa la karatasi si kosa la tumbo lake."

Ila safari hii amejipanga. Atamwonyesha kwanza meza zilizoota vumbi na kona tupu yalikokuwa makabati aliyoyauza. Lameki ataandika, asaini, ndipo anawe mikono. Msamaha ukipita, miti itaachwa ikue, naye atafungua upya bila deni, aanze na chai na maandazi.

Na akiandika vibaya tena?

Telesia anafunika sufuria, anapunguza mkaa.

"Atakula vilevile," anasema. "Lakini nitakaa mbele yake, na Judith nitamkalisha hapa pembeni. Tuone kama ataomba aongezewe."