Bibi Arusi Juu ya Daraja la Mawe

Tulipotoka kumzika dada yangu, nilimwomba mwanawe asimamishe gari kwenye daraja la mawe, lile la barabara ya zamani ya kwenda Geita. "Mama mdogo, huku siku hizi hapiti mtu," akanung'unika. Nikamwambia sisi tulipita, tena sana.

Ungeliona enzi zile, rafiki yangu! Kiangazi mto ulipokauka, dada na mimi tulichimba mchanga chini ya tao lake, kwenye kivuli, tukangoja maji yajikusanye tuyachote kwa kata. Tulipokuwa tukingoja tulitafuna michembe, viazi vikavu alivyotufungia bibi, huku dada akiimba. Alikuwa na sauti nzuri, na alijua hivyo.

Mwaka mmoja, pamba ilipokwisha kuuzwa, akaolewa ng'ambo ya mto. Kwetu bibi arusi hakuvuka hivi hivi. Alisimama darajani akagoma, mpaka upande wa mume umbembeleze kwa zawadi. Mimi, mdogo wake, nilipewa kazi ya kumshika mkono. Kila mtu alijua ule ni mchezo wa arusi, isipokuwa mimi. Niliamini kabisa kwamba akigoma vya kutosha, tutarudi naye nyumbani.

Wakaleta kanga, hakusogea. Wakaleta jembe jipya, kimya. Moyo wangu ukachanua. "Kaza hivyo hivyo, dada," nikamnong'oneza. Kisha wakaleta mbuzi, vigelegele vikapaa, na vidole vyake vikachomoka mkononi mwangu. Nikaidaka nguo yake, nikaburutwa, watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Bibi ndiye aliyenibandua.

"Mwachie, ng'wanawane," aliniambia kwa Kisukuma chake cha kubembeleza. "Mtoto wa kike ni mgeni kwao."

Sikumwelewa mpaka dada alipokuja kutusalimia baada ya mavuno. Mama alimwekea kigoda, akamletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, akamchinjia kuku. Kuku, kwa dada yangu aliyekuwa akikomba chungu pamoja nami! Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Sasa maharusi hupita daraja jipya la zege, magari yao yakipiga honi bila kupunguza mwendo. Nawaonea huruma wasichana wale. Hakuna anayewapa nafasi ya kukawia kidogo upande wa kwao.