Barafu ya Somo Kwenye Sharbati ya Wakwe

Wenzangu, kuna aibu ambazo mtu hujifunika leso akalala zikapita, na kuna hii yangu, ambayo kila harusi ikifika Mji wa Kale hakosekani mtu wa kuikumbusha, tena mbele yangu, tena huku nala. Basi bora niisimulie mwenyewe, maana wengine huongeza chumvi (na chumvi, mtaona, haikuhitajika).

Ilikuwa miaka ya tisini, nasomesha jografia skuli moja ya Tononoka, na asubuhi hiyo nilikuwa nimewaeleza wanafunzi kwamba kwenye pwani za ncha za dunia bahari hupanda na kushuka kwa misimu: joto likija, barafu iliyo nchi kavu huyeyuka ikateremka baharini, maji yakaongezeka, na baridi ikirudi yakapungua. Darasa zima likanitazama kama nasema ndotoni. Hawa ni watoto wa Mombasa, wameona maji yakipwa na kujaa kila siku ya Mungu, maji makuu ya bamvua wanayajua tangu wakibebwa mgongoni. Mmoja akainua mkono, "Mwalimu, bahari gani hiyo yangoja mwaka mzima kujaa? Ni mvivu?" Wakaangua kicheko, na mimi (nina hasira za karibu, sifichi) nikawaambia kesho nawaletea bonge la barafu, tutaliweka juu ya jiwe ndani ya beseni la maji, tutie alama, mwone wenyewe kwa macho yenu.

Sasa barafu hiyo naitoa wapi? Friji yetu nyumbani ilikuwa ikigandisha vipande vidogo tu, vya kumtibu mtoto aliyejigonga kipaji cha uso. Nikatoka skuli moja kwa moja hadi sokoni kwa muuza samaki, naye akanipa bonge zima bure, maana soko lilikuwa limekwisha na bonge lenyewe lilikuwa limelaliwa na papa na changu tangu alfajiri. Akanifungia kwa gunia, nikaenda nalo kwapani, linanitiririkia mpaka kwenye viatu.

Nafika nyumbani nakumbuka: leo Bi Zuhura anakuja! Bi Zuhura ni mama yake yule kijana wa Kizingo aliyempenda mdogo wangu Rukia, na Rukia kwa ajili yake alikuwa amekwisha kukataa posa mbili, Mama akalia. Huyo bibi akija, akimwona Rukia, akiridhika na nyumba, ndipo wanaume watatumwa kuposa. Asiporidhika, basi. Na mimi nimesimama uani na gunia linalonuka shombo! Ndipo nikafanya kile kidogo kilichoniponza. Nikalitupa gunia, nikalimwagia bonge maji mara moja, nikalivika kitambaa cheupe na kuliweka ndani ya beseni jipya la Mama, kwenye pembe ya baridi ya jikoni, likapendeza. Kisha nikaenda kuoga, na kwa vile na mimi nilinuka, nilijisugua sana na nikakawia. Sikumwambia mtu neno.

Nanyi mwajua nyumba zetu. Barafu safi, beseni jipya, kitambaa cheupe, wageni mlangoni: mwenye akili timamu atadhani ni ya nini?

Nilipoingia ukumbini Bi Zuhura amekwisha kukaa, hariri tupu, na mabibi wawili ubavuni. Nikampa mkono, "Masalkheri, Bi Zuhura." "Masalkheri, mwanangu. U mzima?" Mama akanikonyeza kwa furaha, akasema kwa sauti ya wageni kusikia, "Mwanangu huyu ana akili! Kaniletea barafu bila kuambiwa, sharbati imekuwa baridi hiyo!"

Nikazitazama gilasi. Sharbati ilikuwa ya maziwa na lozi (maziwa, wenzangu, na shombo la papa!), na wale mabibi watatu walikuwa wakinywa kimya kimya, kidogo kidogo, macho juu ya dari, kwa ile adabu yetu ya kutoacha kitu cha mwenye nyumba. Mmoja akatoa kitu mdomoni, akakitazama, akakiweka kwenye kisahani kwa heshima zote akidhani ni ganda la lozi. Lilikuwa gamba la changu, linamerimeta. Rukia kainamisha kichwa kwa haya, hajui lolote. Na gilasi zilipokwisha, Mama akashika jagi.

"Ongeza kidogo, Bi Zuhura."

"La, imetosha, mpenzi, Mungu akuzidishie."

"Wallahi utanywa!"

Akamjazia mpaka juu. Nilimwona yule bibi akivuta pumzi na kupeleka gilasi mdomoni, na hapo akili yangu yote ya ualimu ikaniruka, nikamrukia nikimnyang'anya gilasi, nusu ikamwagikia hariri yake, nami napiga kelele, "Msinywe! Barafu ya samaki! Ni ya pwani za nchani!"

Mama ameganda na jagi lake. Rukia akaanza kulia. Nikaeleza yote, mbio mbio, soko, papa, misimu, jiwe, beseni, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu.

Bi Zuhura akajipangusa kifuani polepole. Akasema, "Alhamdulillahi. Mimi nalikuwa nanywa kwa adabu tu, mwanangu, huku nasema moyoni, yarabi, ikiwa hini ndiyo sharbati yao, pilau yao itakuwaje? Mwanangu akioa hapa atakufa na njaa. Nishaamua nikitoka hapa nimwambie atafute kwengine." Kisha akaanza kucheka, wenzake nao wakacheka, mmoja akakimbilia uani kutapika huku bado anacheka.

Usiku ule Rukia hakunisemesha, na mimi sikumlaumu. Siku ya pili jawabu likaja: wanaume watakuja kuposa, wameridhika na msichana na nyumba, ila Bi Zuhura ana sharti moja dogo, siku ya harusi yule dada mwalimu asikaribie jikoni.

Sharti lilitimizwa. Nilikalishwa na wageni, mikono mitupu, na shangazi mzito ubavuni mwangu, kazi yake kunizuia nisinyanyuke. Na mimi nikala yamini: bahari ya nchani na ipande, na ishuke, nitaisomesha kwa chaki na ubao, na asiyesadiki afunge safari akajionee.