Debe la Naipanoi

Neno la kwanza la Kiswahili kumkaa Naipanoi kichwani lilikuwa kuoza. Alilipata mlangoni pa boma la Wajerumani, Arusha, asubuhi alipomfunulia mpishi wa askari debe lake la maziwa.

"Mama, haya yameoza," mpishi akasema.

Naipanoi akatabasamu. Kwao maziwa yaliyochacha kibuyuni ndiyo anayopewa mgeni, hivyo alidhani anasifiwa. Mpishi akayamwaga chini. Mbwa akaja, akanusa, akaenda zake. Hapo akaelewa.

Alikuwa mjane wa Ngarenaro, na ng'ombe aliyemkamua hakuwa wake. Ugonjwa wa sotoka ulipofagia mazizi ya Waarusha, mzee Saruni alibakiwa na ng'ombe wachache, mmoja akampa Naipanoi amtunze na kunywa maziwa yake. Lakini maziwa yakiharibika mkononi mwa mtunzaji, mwenye ng'ombe humchukua mnyama wake, wala hakuna wa kumlaumu. Na watoto wa Naipanoi waliishi kwa maziwa yale.

Debe alilipata kwa Mhindi mwenye duka kwa kubadilishana na ngozi ya mbuzi. Alilipenda kwa kung'aa kwake, akalitunza kama kibuyu. Kila jioni alichukua kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, akasugua ndani mpaka moshi ukajaa, kisha akakung'uta masizi. Maji hakulitia. Nani aoshe chombo cha maziwa kwa maji?

Tangu siku ile neno likawa linamfuata. Askari aliyeshika shavu alisema jino lake limeoza. Hamali aliyelala njiani kutwa, wenzake walisema ameoza kwa pombe. Shauri lililokaa barazani bila shahidi, nalo lilikuwa limeoza. Naipanoi alijiuliza jino na shauri vinakutania wapi.

Jibu alilikuta mtoni. Watu walikuwa wakitoa gogo la daraja. Juu lilikuwa gumu, jua limelikausha, ila ncha iliyolalia ukingo, unyevu ulikojificha, ilibomoka kama ugali. Akasimama kulitazama. Kisha akarudi nyumbani haraka, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya debe.

Alikuwa bado amelishika debe jirani yake Nosim alipoingia.

"Wanasema mkono wako umeoza, mama," Nosim akasema.

"Wanasema wao au unasema wewe?"

"Mimi nimebeba tu. Mzigo wenyewe umeshafika kwa Saruni."

Kesho yake Saruni akaja na kamba begani.

"Takwenya," akamsalimu.

"Iko," akaitikia, akamwekea kigoda. "Baba, kabla hujamfungua ng'ombe, ngoja nimkamue."

Akamkamua mbele yake. Nusu akaitia kibuyuni, nusu kwenye debe. "Rudi yakishachacha. Ukikuta mkono wangu ndio mbaya, mchukue."

Saruni akalala kwa ndugu yake huko Sokon. Aliporudi, alinusa kibuyu, akanywa, akanywa tena. Alipoinamia debe, alirudisha shingo kama aliyeona nyoka.

Naipanoi akachokoa mkunjo wa debe kwa kijiti. Kikatoka na utando mzito wa kijani.

"Hapa kijinga hakifiki, baba. Maziwa ya zamani yanakaa humu yanangoja mapya."

"Uliliosha kwa maji?"

"Sikuliosha. Wewe ungeliosha?"

Saruni akafikiri. "Hapana," akasema, na ndevu zake zikatikisika kwa kicheko. "Ningelifukiza kama wewe, halafu ningemlaumu ng'ombe."

Nosim, aliyekuwa mlangoni siku nzima akijifanya anatafuta kuku, akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo ni debe."

"Ulimwambia nani?" Naipanoi akamuuliza. Nosim akamwendea kuku.

Saruni akainuka, akaipitisha kamba kwenye mshikio wa debe, akafunga fundo. Mbwa wake walihitaji chombo cha kunywea maji, alisema. Akaondoka akilivuta, likigonga mawe njia nzima, na watoto wakakimbia nyuma yake kulisikiliza.

Naipanoi alipopeleka maziwa ya kibuyu bomani, mpishi alikunja pua.

"Haya yananuka moshi, mama."

"Ndiyo," akasema, akafunika kibuyu chake, akarudi nacho Ngarenaro. Watoto wakayanywa.