Wageni wa Novemba

Nimelipiza kisasi mara moja tu maishani mwangu, na nilitumia majira ya mwaka. Kilinichukua miaka mingi, wala sikuharakisha. Hadi leo mtu akiniuliza kama najuta, namjibu hapana kabla hajamaliza swali.

Mtu mwenyewe alikuwa tajiri wa magari ya watalii, na uwanja wake ulikuwa Magongo. Kwetu Likoni mwenye gari huitwa tajiri hata kama gari lenyewe husukumwa asubuhi ndipo liwake, lakini huyu alikuwa tajiri kweli. Alikuwa na kombi nyeupe zenye paa la kuinuka, ili mgeni asimame apige picha vizuri, na alikuwa na mlinzi wa kumfungulia geti. Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wake. Mimi nilikuwa na meza ndogo kwenye mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya kusini, nikiwauzia wageni safari za Tsavo. Wageni walitoka mezani kwangu wakaingia kwenye kombi ya Magongo, na mara nyingi aliyewafungulia mlango alikuwa kaka. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na sisi wawili tulijiona tumefika.

Watu wa pwani tuna kosa letu moja kuhusu mvua: tunadhani mbingu ni moja. Masika yakitupiga mwezi wa Mei, maji yakaingia mpaka jikoni, tunaona dunia nzima imelowa. Novemba ikija na manyunyu ya kuloanisha nguo tu kwenye kamba, tunasema mwaka huu hapana mvua. Kumbe ukishapita Mariakani ukaelekea Voi, mambo ni mengine. Julai twaweza kuwa tumejifunika shuka kwa mvua ya alfajiri hapa Likoni, na huko Tsavo ni vumbi tupu, tembo wamejazana mtoni kwa sababu hawana maji mahali pengine. Novemba sisi tunaanika nazi juani, na huko mito ya mchanga inashuka na magogo. Mama, ambaye hakuwahi kuvuka Mazeras, kila Julai alimuuliza kaka, "Waendaje na mvua hii, mwanangu?" Kaka alikuwa akicheka.

Tajiri naye alikuwa na kosa hilo hilo. Tofauti ni kwamba mama hakuwa na gari la kumtuma mtu.

Siku hiyo ya Novemba nilikuwa na wageni wawili wa Kijerumani, bwana na bibi harusi, waliotaka kuona simba kabla ya kurudi kwao. Tajiri alikuja mwenyewe hotelini pamoja na kaka, maana alipenda kupeana mikono na wageni. Tulisimama mbele ya mlango wa hoteli, jua linawaka. Kaka alikuwa amerudi kutoka huko siku iliyotangulia.

"Tajiri, kule kunanyesha," alisema. "Mto umeanza kushuka. Tuwaambie wangoje, ama niwapeleke hapa Shimba Hills warudi jioni."

Tajiri akainua uso juu, mkono kwenye paji, kama mtu atafutaye mwezi wa Ramadhani. "Mbingu si hiyo? Nyeupe pe! Mvua iko wapi? Wewe wataka kulala kwa mkeo na hata hujamuoa. Nenda!"

Wageni walicheka kwa sababu yeye alicheka. Kaka akapandisha mizigo.

Mto uliwakuta katikati. Kaka aliwahi kuwatoa wote wawili kupitia dirishani, akambeba bibi harusi mgongoni mpaka ukingoni, kisha wakakaa juu ya jiwe wakitazama kombi inalala ubavu na masanduku yanakwenda na maji. Hakufa mtu. Wageni walirudi hotelini bila viatu, wamegeuka rangi ya udongo wa Tsavo, na wamekasirika kwa haki. Meneja akamwita tajiri.

Tajiri alisimama mbele ya meza yangu, mimi nimekaa hapo hapo, akasema, "Dereva alikuwa amelewa."

Kaka yangu hakuwahi kugusa pombe. Hata dawa ya kikohozi alikuwa akiinusa kwanza. Nilisimama nikasema huo ni uongo, wallahi, mvua ilijulikana na yeye aliambiwa. Meneja akaniambia nikae, kwani mimi ni dada mtu, ningesema nini kingine? Nikakaa. Tajiri hakunitazama hata kidogo.

Ingepotea kazi peke yake, tungenyamaza. Kazi hupotea, mtu akapata nyingine. Lakini kaka alikuwa ameposa Mtongwe. Posa ilikuwa imekubaliwa, na harusi ilikuwa ikingoja mfungo upite. Baba wa binti alikuwa mzee wa minazi na mihogo, mpole, na alimpenda kaka kwa sababu akija kumwamkia hakuwa na haraka ya kuondoka. Kwetu, habari za bwana harusi haziulizwi nyumbani kwao, kwa maana nyumbani watamsifu. Huulizwa kwa imamu wake na kwa anayemwajiri. Maneno ya hotelini yalipofika Mtongwe, mzee hakuyaamini. Alivaa kanzu yake, akavuka maji, akaenda Magongo kuuliza kwa kinywa chake mwenyewe.

Kule hapakuwa na meneja wala Wajerumani. Tajiri angeweza kumwambia mzee kweli, wakaagana, na yale ya hotelini yakabaki hotelini. Lakini aliogopa neno lisirudi hotelini. Alimkaribisha mzee kiti, akamletea soda, akamwambia, "Mzee wangu, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini bintiyo mtafutie mwingine."

Kina mama wa Mtongwe wakarudisha vitu vya posa. Kanga, manukato, na sinia lililokuwa limevibeba, vyote vimefunikwa kitambaa safi. Waliviweka mkekani, wakakaa kidogo kwa adabu, chai ikapoa mbele yao. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akavipeleka chumbani, na nilipomfuata nilimkuta ameketi kitandani na lile sinia mapajani. Binti aliozwa Tanga mwaka ule ule.

Hakuna mwenye gari aliyemtaka dereva mlevi. Kaka alirudi shambani kwa babu, akalima mihogo na kuangua korosho. Msikitini watu walimpa mkono kama kawaida, ila walikuwa wakimkaribia zaidi kidogo ya inavyolazimu, wamnuse. Aliliona hilo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikwenda. "Mwachie Mungu," alikuwa akiniambia. Mimi nilisema inshallah, na sikumwachia.

Nilibaki mezani pangu, natabasamu kwa kila anayepita. Watu walidhani nimesahau. Mama mwenyewe alinilaumu, akisema nina moyo mgumu, naweza kumpelekea wageni mtu aliyemvunja kaka yangu. Sikumweleza, kwa sababu mama hajui kuficha jambo.

Nilifanya hivi. Mgeni akija mezani, nilimwambia kweli tupu. Akitaka kwenda Aprili au Mei, au Novemba, nilimweleza: nyasi zimekuwa ndefu, maji yamejaa kila shimo, mnyama hana haja ya kuja mtoni, na barabara ni tope. Ngoja, nilimwambia, rudi Januari au Februari, au uje kati ya Julai na Oktoba, utaona tembo mpaka uchoke. Wengi walikubali. Hao waliokubali kungoja, na wale waliokuja wenyewe kwenye miezi mizuri, niliwagawia wenye magari wengine. Wabishi, wale waliosema wamelipia likizo yao na lazima simba aonekane kesho, nilimpa tajiri.

Sikumdanganya mgeni hata mmoja. Kila aliyepanda kombi ya Magongo alipanda akiwa ameonywa. Meneja alipoangalia, aliona tajiri anapewa wageni kama wenzake, na kweli alipewa. Alipewa watu wa Mei na watu wa Novemba, wagumu wa kichwa, wenye kelele, wanaorudi na picha za vichaka. Kombi zake zilirudi zikiburutwa kwa kamba. Springi zilivunjika, rangi ikang'oka. Wageni walisimama mbele ya mapokezi wakimfokea kwa lugha zao zote, na mimi niliketi pale pale nilipoketi siku ile, nikawakaribisha maji baridi. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na usingizi wangu ulikuwa mzuri.

Julai ikija, kombi zake zilikaa uani Magongo, wakati magari ya wenzake yanapishana barabarani yamejaa mpaka siti ya mbele. Madereva wake wazuri wakamkimbia mmoja mmoja. Wapya walikuwa hawaijui njia, na Novemba ikawamaliza. Miaka ya tisini ilipoingia, mlinzi wa geti alikuwa ameondoka na geti lenyewe lilifungwa kwa waya.

Ilimchukua muda mrefu kuelewa. Siku moja ya Juni alipiga hodi kwetu Likoni. Mama akamkaribisha bila kumjua, akamwandalia kiti barazani. Aliponiona nimetoka alinyanyuka.

"Dada, nipe Julai," alisema. "Julai moja tu, nijikwamue."

Nikamwambia Julai ipo. Nenda Mtongwe, mkalie yule mzee mbele, mwambie ulimsingizia mwanamume. Siku utakayomwambia, kesho yake nitakujazia magari.

Akaahidi. Alipoondoka mama aliniuliza ni nani yule bwana mnyonge. Nilipomwambia, aliinuka akakiosha kile kiti.

Hakwenda. Julai ile aliniletea habari kwamba ana homa. Mwaka uliofuata alisema anangoja mzee atoke safari, na mzee hakuwa na safari yoyote, alikuwa akienda kisimani na kurudi. Mwaka mwingine akasema aibu ni kubwa, nimpe kwanza wageni apate uso wa kwendea. Kila mara nilimjibu lile lile. Mzee wa Mtongwe alikuwa hai muda wote huo, ana masikio mazima, anakaa mlangoni kwake kila baada ya alasiri. Kumfikia ilikuwa ni kuvuka maji tu.

Kisha mzee akafariki. Ilikuwa Novemba, na pwani jua lilikuwa kali.

Tulikwenda matangani, mimi na mama ndani na wanawake, kaka nje kwenye mikeka ya wanaume. Kaka alikuwa ameshaoa wakati huo, mke mwema wa huko Waa, nami nampenda. Hilo tajiri halimhusu. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilimwona tajiri akifika na kanzu mpya, na nilisikia kila neno. Aliwapa mkono wa pole wana wa marehemu, akakaa, akakohoa. Akasema mbele ya wote kwamba ana jambo limemlemea, kwamba yule dereva wake wa zamani hakuwa amelewa, kwamba mto ulishuka, na yeye ndiye aliyemtuma.

Mwana mkubwa wa marehemu, ndugu wa yule binti aliyeolewa Tanga, alimgeukia.

"Bwana, aliyekuuliza ni baba," alisema. "Ungemjibu baba."

Kaka yangu ndiye aliyefuata kusema, kwa sauti ile yake ya chini. "Mimi nimemsamehe," akasema. Na najua alisema kweli, maana kaka hajui kusema vingine. Ndani, mama alilia kwa mara ya kwanza tangu lile sinia lirudi. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha dirisha nimekibana mkononi, na hasira yangu ilikuwa mbichi, kana kwamba vile vitu vimerudishwa asubuhi hiyo.

Kesho yake tajiri alifika hotelini mapema, uso umenawiri. Mezani kwangu kulikuwa na wageni wawili, mume na mke, walioniambia wanataka Tsavo siku hiyo hiyo, mvua ya huko hawaijui.

"Umesikia kaka yako kanisamehe," aliniambia. "Alhamdulillahi. Sasa Julai ijayo usinisahau."

"Nimesikia," nikamwambia. "Kaka yangu amekusamehe, na kaka yangu hana wageni. Mwenye wageni ni mimi. Wako ni hawa hapa. Haya, wachukue."

Alitazama nje. Mbingu ya pwani ilikuwa safi toka baharini mpaka minazini.

"Leo?" akauliza.

"Leo. Mbingu si hiyo? Nyeupe pe. Mvua iko wapi?"

Alinitazama mimi, akawatazama wale wageni, akaitazama kombi yake ya mwisho pale nje na taa yake moja iliyovunjika. Aliyakumbuka yale maneno, nilimwona akiyakumbuka. Akasema polepole, macho chini, "Dada, kule kunanyesha."

"Ndivyo kaka alivyokwambia."

Alitoka bila kuaga. Kombi ilikataa kuwaka, akalazimika kuomba watu wa bustani wamsukume, na nilikaa nikimtazama mpaka ikashika njia. Kisha nikawageukia wale wageni wawili, nikawaeleza habari za mto na nyasi, nikawaomba wangoje Januari. Wakakubali, nikawapeleka kwa mwenye gari mwingine.