Dola Mgonjwa

Asubuhi ile nilitoka Kigoma bila kujua niendako. Nilisikia kondakta akiita abiria wa mpakani, nikapanda. Nilipompigia mama simu hakushangaa. Alikwisha kunizoea tangu nilipoacha shule. Aliuliza tu nimevaa suruali ipi. Ndani ya pindo la kiuno la suruali yangu ya safari alikuwa ameshona noti ya dola ishirini, ili nikikwama ugenini nipate pa kulala.

Mpakani nilibadilisha shilingi zote nilizokuwa nazo, zikatosha nauli ya kufika Rumonge, upande wa Burundi, na kikombe cha chai. Ndani ya gari nilizitoa faranga zilizobaki nizitazame, maana picha za pesa ngeni hunivutia sana. Muuza mawese mmoja, mama wa makamo aliyeketi kando yangu, akanifunika mkono kwa kitenge chake.

"Ficha, mutoto wangu. Franga ya njia weka mufukoni. Ile ingine, hata jirani asijue kama iko."

Nikamnong'oneza kwamba ile nyingine ni dola, imeshonwa kiunoni.

"Ee! Na sasa umeniambia! Kama mimi ni mwizi?"

Alicheka hadi tukaipita michikichi yote ya Kigwena njiani. Kisha akanifundisha: usibadilishe pesa barabarani. Ingia dukani, kaa, hesabu mezani, ndipo utoke.

Tulipofika Rumonge alinipeleka kwa muuza vitenge anayemfahamu, nibadilishe ile dola. Nikajificha nyuma ya marobota, nikafumua pindo kwa meno. Yule bwana akainua noti kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umeitoa wapi?"

"Mama yangu aliishona kwenye suruali."

"Iko mugonjwa."

"Hapana, mzima kabisa. Nimeongea naye leo asubuhi."

Walicheka wote wawili, yule mama akashika meza. Kumbe mgonjwa ni dola. Sindano ya mama ilikuwa imepita kwenye noti yenyewe, tundu baada ya tundu, ukingo mzima. Faranga huku inaweza kulegea kama kitambaa na bado ikapokelewa. Dola ikitoboka, watu wanaikimbia.

"Nakupa nusu," akasema muuza vitenge. "Na mimi nikiipeleka mbele watanikata vilevile."

Nje jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Nusu ingenipa kitanda na chakula. Lakini nilikuwa nikiyatazama matundu yale, yalivyobanana upande mmoja na kupotea njia upande wa pili, nikajua mama yangu alishona jioni, bila miwani. Nilishindwa kusema ndiyo.

Yule mama akaichukua noti mezani, akaikunja, akanitia mkononi.

"Nusu ya nini? Mama yake alishona nzima." Akanigeukia. "Unaweza kubeba bido za mawese?"

"Madumu? Naweza, mama."

"Basi kesho unanipakilia gari. Leo unalala kwangu, chumba ya wapangaji iko wazi."

Chumba kilikuwa uani, kitanda cha mbao, chandarua kilichofungwa fundo juu, harufu ya mawese ukutani. "Murakoze," nikamshukuru, kwa Kirundi pekee nilichokwisha kuokota. Akanisahihisha matamshi, akaniletea ndoo ya maji na ufunguo, akauliza kama nakula ndagala, dagaa wa ziwani. Nikasema nakula. Akaenda kupuliza mkaa.