Siku Mama Alipomkamua Bihogo

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya maziwa mgando ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nyumbani kwetu Makere, kibuyu hicho kikubwa, ambacho kwa Kiha tulikiita gisabo, kilikaa chumbani kwa bibi mzaa baba. Asubuhi mama alikipakata, akakitikisa mbele na nyuma mpaka siagi itengane, kikitoa sauti kama ya mtu anayetembea polepole kwenye tope. Kutikisa gisabo ilikuwa kazi ya wanawake. Kuosha vyombo vya maziwa, kukata majani na kuzoa samadi kupeleka migombani, hizo nazo zilikuwa zao. Kukamua tu ndiko kulikuwa kwa wanaume. Mwanamke akigusa chuchu za ng'ombe, tuliambiwa, maziwa yatakauka na ndama atakonda mpaka afe. Nilikuwa darasa la tatu, na niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua huzama upande wa Burundi.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na moshi wa mashamba yaliyochomwa ukatanda vilimani hata macho yakawasha. Baba, aliyekuwa mkulima na mrina asali, alipanda mti kutundika mzinga; tawi likakatika, naye akavunjika mguu. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, likapatikana gari la mizigo la kumpeleka hospitali mjini Kasulu. Hujafa hujaumbika. Bihogo, ng'ombe wetu pekee, alikuwa ndiyo kwanza amezaa, na ndama alikuwa dhaifu, ananyonya kidogo tu. Baba mdogo, aliyeishi ng'ambo ya bonde, akawa anakuja kukamua asubuhi na jioni bila kunung'unika, mpaka homa ikamlaza naye. Mama alinituma kwa majirani. Nilikuta wanawake na watoto tu. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika Rungwe Mpya na hawakutarajiwa kurudi upesi.

Kesho yake Bihogo alilia tangu alfajiri. Kiwele kilikuwa kimevimba na kung'aa, akawa anatembea kwa kutanua miguu ya nyuma. Ndani, mdogo wangu Yakobo, aliyekuwa ameachishwa ziwa siku si nyingi, alilia pia. Mama alisimama mlangoni mwa zizi kwa muda mrefu, kisha akanawa mikono na kuchukua chombo cha mti cha baba. Bibi akatoka mbio, khanga ikiburuzika.

"Mkamwana, unataka kumuua ng'ombe wa mwanangu? Mwacha mila ni mtumwa!"

"Mama, lisilobudi hutendwa," mama alijibu bila kuinua sauti. "Kiwele kikioza, mwanenu mtamwambia nini?"

Aliniambia nimshike ndama mbele, Bihogo apate kumlamba. Mara ya kwanza alivuta vibaya, ng'ombe akapiga teke na chombo kikabiringika. Mama akachuchumaa tena, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Bihogo na kumbembeleza kwa Kiha, kwa maneno yale yale aliyombembelezea Yakobo. Halafu nikasikia maziwa yakigonga mti. Nilichungulia kwa hofu, nikitazamia kuona damu. Yalikuwa meupe.

Bibi aligoma kuyanywa. Alikula ugali wake wa muhogo kwa maharage, akitupa mgongo. Habari ikasambaa kabla ya Jumapili. Wanawake wakawa wanakuja kuomba moto, lakini macho yao yalikuwa zizini, kumtazama ndama kama ameanza kukonda. Ndama akawa ananenepa. Siku moja jirani yetu Mama Odeta alimsogelea mama, akamnong'oneza, "Kwani ni kugumu?"

"Ni kama kukamua nguo," mama alisema, "ila usikamue kwa hasira."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akicheka vile, na hadi leo nikiikumbuka ile sauti moyo wangu hulainika.

Baba alirudi kwa magongo, mvua zikiwa zimeshaanza. Hata kukaa hajakaa, bibi akamweleza yote. Mama alisimama kando, ameinamisha kichwa, vidole vikisokota ncha ya khanga.

"Ndama mzima?" baba akauliza.

"Mzima, baba," nikadakia mimi.

"Basi leteni maziwa."

Aliyanywa yote, akafuta masharubu, akaomba mengine. Bibi alitazama pembeni. Jioni ile alisogeza kikombe chake kitupu mbele ya mama.

Siku hizi nimeolewa Murungu, wilayani Kibondo, nalima na kuuza maharage. Hapa mwanamke akikamua hakuna anayegeuza shingo, na kwenye mikutano ya kijiji wanawake husimama wakazungumza bila kumwangalia mtu usoni kuomba ruhusa. Nazitamani jioni zile za utotoni, lakini siutamani ule mwiko. Kisa hiki huwasimulia binti zangu kwa fahari. Mwaka jana nilikwenda nao kumsalimu mama, sasa mzee wa mvi tupu, nikamsifu mbele yao kwa ushujaa wake. Akacheka.

"Mnanisifu! Baba yako mguu ulipopona hakukamua tena mpaka Mungu alipomchukua. Eti Bihogo amezoea mkono wangu. Kwa hiyo nikakamua, na samadi nikazoa, na gisabo nikatikisa."

Miaka yote nilikuwa nimeona mlango uliofunguliwa. Mzigo ulioongezwa kichwani mwake sikuuona. Kwenye jiko la uani, Yakobo, aliyekwisha kuwa baba wa watoto wanne, alikuwa anasonga ugali kwa sababu mkewe hajarudi kutoka kwenye mkutano wa kikundi cha wanawake. Moshi ulimtoa machozi, lakini mwiko hakuuachia. Mama aliutazama mgongo wa mwanawe.

"Huyo," akasema taratibu, "ndiye natamani marehemu bibi yako angemwona."